Gurudumu Lililokataa Kuitika

Wanaosema nchi yetu ni ya vurugu hawajawahi kupigwa hapa. Wangepigwa wangejua. Kwa majirani zetu askari anakurukia tu na kukutwanga bila hata salamu. Loo, ushenzi gani huo! Kwetu kila kizuizi cha barabarani kina Mfafanuzi wake, mtumishi wa serikali aliyefuzu lugha, na kazi yake ni kusimama kando ya anayepigwa na kumweleza, kwa sauti ya kuyashinda mayowe, kwa nini anapigwa. Maelezo yakiisha, raia anatamka, "Asante, nimeelewa." Hapo virungu vinashushwa, naye anaruhusiwa kuendelea na safari, au anarudishwa alikotoka, au anatiwa ndani, kadiri ya kosa lake.

Sheria imeweka na ulinzi. Hakuna raia atakayeachiwa, kurudishwa wala kufungwa kabla hajaelewa. Asiyeelewa ataelezwa upya tangu mwanzo, na virungu navyo vitaanza upya. Nitajieni nchi nyingine inayojali akili za watu wake kiasi hicho.

Mimi ni Chande, na nilikuwa Mfafanuzi wa Kizuizi cha Mlima Utii, palepale barabara inapoanza kupanda kuelekea makao makuu. Nilikuwa hodari, sijisifu. Watu waliopigwa kwangu walikuwa wakinisalimia sokoni, wale wenye meno ya kusalimia.

*

Kabla sijafika kwa dada yangu, lazima mjue habari ya magurudumu.

Sikukuu moja ya Ukombozi, Baba Mlezi wa Taifa alikuwa anapita taratibu katika gari la wazi, anapunga mkono. Gari la nyuma yake likachomoka gurudumu. Gurudumu likaviringika, likaviringika, likampita Baba. Likampita! Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumpita Baba. Hata shuleni, aliposhindwa mtihani, darasa zima lilirudia mwaka ili abaki mbele. Walinzi wakalimiminia gurudumu lile risasi mpaka likalala, pamoja na wapiga tarumbeta wote waliokuwa nyuma yake. Tuliwazika kwa heshima, na gurudumu tukalifungulia mashtaka.

Tangu siku hiyo ikawa desturi. Kila gari likifika kizuizini, mkuu wa kizuizi anaipiga kila ringi kwa kirungu. Nati zikiwa zimekaza, chuma kinalia ngaaa! Tunasema gurudumu limeitika. Ngaaa ni sawa na kusema "Ndiyo, Baba." Gurudumu likiitika vibaya, anapigwa mwenye gari.

Mkuu wetu alikuwa Afande Kitwangio, mtu mpana mwenye mkono uliozoea kazi mpaka haukuhitaji tena kumuuliza mwenyewe. Gurudumu likikosea, mkono ulikuwa umeshamfikia dereva kabla uso wa Afande haujakasirika. Nimewahi kumwona akimpiga mtu huku amesinzia.

*

Dada yangu anaitwa Mashavu. Figo zake zilikufa zote mbili, na kila Alhamisi ilimpasa apelekwe hospitali kuu, iliyo chini ya mlima upande wa pili, akalazwe kwenye mashine ya kumsafisha damu. Akikosa Alhamisi moja anavimba. Akikosa mbili, tunamzika. Hayo daktari alituambia waziwazi, naye Mashavu akamjibu, "Basi sitakosa," kama vile anazungumzia kwenda harusini.

Mumewe, Hamduni, alikuwa na gari kuukuu la rangi ya maziwa yaliyoharibika. Shida ni mafuta. Serikali hutupa mgao, na mgao umepimwa kwa busara: unamfikisha raia katikati ya Mlima Utii. Waziri alishaeleza kwamba mzalendo wa kweli hana haja ya kufika mbali kuliko hapo. Kwa hiyo kila Alhamisi gari lilizimika mlimani, na Hamduni na wapita njia walilisukuma hadi kileleni, kisha likateremka lenyewe mpaka mlangoni mwa hospitali.

Halafu likatoka tangazo kwamba kusukuma gari kuelekea makao makuu ni jaribio la kupindua serikali. Wapita njia watano, sita, walipigwa wakaelewa. Hakuna aliyegusa tena gari la mtu.

"Kaka," Mashavu aliniuliza jioni ile, miguu yake kwenye beseni, "hilo nalo umelifafanua wewe?"

"Ni kazi, dada."

"Mimi sijaelewa."

Nilicheka. Mashavu ndivyo alivyo tangu utotoni, mbishi, huwezi kumwambia kitu akakikubali hivihivi.

*

Hamduni hakucheka. Alikaa barazani anaangalia gari, siku nzima, mpaka nikadhani amepatwa na wazimu. Kisha akaniambia, "Shemeji, ukitoa mkono dirishani gari likiwa kwenye mwendo, upepo unakurudisha nyuma. Sasa tazama hizi ringi. Mashimo matupu, nati zimejitokeza, zinazunguka humo zinauchota upepo na kuutifua. Injini inakula mafuta kupigana na upepo. Nikiziziba hizi, je?"

Nikamwambia upepo hauna kosa lililotajwa popote kisheria. Wala hakunisikia.

Alichukua pipa la plastiki lililopasuka, la buluu, lile walilokuwa wakiwekea maji. Akapima ringi kwa uzi, akachora duara kwa mkaa, akapasha kisu kwenye jiko na kukata vifuniko vinne. Kingo akazipiga msasa zisije zikala tairi. Akatoboa tundu dogo la kujazia upepo, na vya mbele akaviachia nafasi pembeni breki zisichemke. Kisha akavifunga kwenye mashimo ya ringi kwa waya, akaikunja ncha kwa ndani. Yote hayo kwa pipa bovu na waya wa kuanikia nguo! Mashavu ndiye aliyekuwa anashika ncha ya uzi na kumkosoa duara likipinda.

Wakalijaribu gari kwenye barabara ya nyuma ya mtaa. Mafuta yaliyokuwa yakiishia kiwandani siku zote yakavuka kiwanda, yakavuka makaburi, yakarudi nyumbani na salio. Hamduni alishuka akalikumbatia gari. Mashavu akalia. Mimi pia nililia, ingawa kwa uangalifu, kwa sababu nilikuwa nimevaa sare.

*

Alhamisi wakafika kizuizini. Nilimsalimia dada yangu kama raia mwingine yeyote. Afande Kitwangio akainua kirungu, akaipiga ringi ya mbele.

Pu.

Akatega sikio. Akapiga tena.

Pu.

Afande alikuwa amepiga magurudumu maisha yake yote ya kazi na hakuna lililowahi kumnyamazia. Akarudi nyuma, akakimbia, akapiga kwa mikono miwili. Plastiki ikabonyea ikamrudishia kirungu chake chote usoni, na meno yake mawili ya mbele yakaruka hadi kwenye kofia ya askari mwenzake. Askari yule, kuona meno ya mkuu kwenye kofia yake, akapiga saluti. Afande akadhani anachekwa, akamvunja taya.

Baada ya hapo wakamgeukia Hamduni. Walimtoa kwa dirisha ingawa mlango ulikuwa wazi. Nami nikasogea, nikakohoa kidogo, nikaanza: "Ndugu raia, unapigwa kwa sababu gurudumu lako limekataa kuitika, na gurudumu lisiloitika linaficha nati, na afichaye nati anaficha nia..." Vidole vyake vilikuwa vinakatika kama kuni kavu na ilibidi nipaze sauti. Nilieleza vizuri sana. Nasema hivyo kwa sababu hata Afande, damu inamtoka mdomoni, alitikisa kichwa kukubali.

"Umeelewa?" nikamaliza.

"Sijaelewa!" Ni Mashavu, kutoka ndani ya gari. "Nauliza, hicho kifuniko kimemfanya nini mtu? Sijaelewa, Chande!"

Ikabidi nianze upya. Walipomaliza mara nyingine, askari mmoja akafungua mlango wa upande wa Mashavu, na Hamduni, akiwa chini, akapiga kelele, "Asante, nimeelewa, nimeelewa, mwacheni huyo!"

Wakavipasua vifuniko kwa mashoka, wakawageuza warudi walikotoka. Mashavu alinitazama alipopita. Niliangalia mlima.

*

Waziri wa Upepo na Mwelekeo alifika kesho yake kuhutubia taifa, amesimama juu ya vipande vya plastiki.

"Wananchi!" alisema. "Upepo ni mali ya umma. Upepo unapomzuia raia, huo ni upepo unaotekeleza wajibu wake! Leo mtu mmoja, kwa pipa bovu, anataka kupita bila kuzuiwa na upepo. Kesho atataka kupita bila kuzuiwa na nani? Na nani, nauliza?" Umati ulijiinamia ukihofia kuwa ndio jibu. "Kosa si plastiki. Kosa ni duara! Duara halina mwanzo wala mwisho, halina mbele wala nyuma, halijulikani linamfuata nani."

Ndipo ikaanza Operesheni Vunja Duara. Masinia yakapondwa, nyungo zikachomwa, ngoma zikapigwa risasi. Mama mmoja muuza chapati aliagizwa azikaange za pembe nne, akaahidi, lakini mkono wa mazoea ukawa unazungusha tu, basi wakauvunja kiwiko na kifundo, na tangu hapo chapati zake hazina umbo lolote. Kwenye uwanja wa mpira walichoma mpira kisu, na kwa kuwa golikipa alikuwa ameukumbatia, akachomwa naye. Polisi walipofika kambini kukusanya kofia za chuma, wanajeshi wakakataa, na wakazungumza kwa bunduki kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Redio ilisema mazungumzo yalikuwa ya wazi na kwamba damu iliyofika kwenye mitaro ya soko itasafishwa.

Nyumbani, Mashavu alivimba. Uso ulimjaa mpaka macho yakawa mistari miwili, na kiatu hakikumwingia tena. Hamduni, vidole vimefungwa vijiti, alikuwa akikata vifuniko vipya kutoka kipande kilichobaki cha lile pipa. Askari walipoingia kupekua walikuta mgonjwa kalala kitandani anahema kwa shida, wakavunja kioo cha ukutani, kwa kuwa kilikuwa duara, wakaondoka. Vifuniko vilikuwa chini ya godoro alilolalia.

"Wataua watu," nikasema, nikimaanisha Hamduni na mkewe, si askari.

"Alhamisi ndiyo hiyo, kaka," alisema Mashavu. Alisema polepole, anatafuta pumzi. "Ukisimama njiani, usinifafanulie."

*

Sasa, Baba Mlezi alikuwa amesikia. Hakuwa na shida ya mafuta, ana kisima chake. Alichoshindwa kukimeza ni kwamba raia amekuwa na kitu ambacho yeye hana. Akaamuru vifuniko vyake, vya plastiki ileile, vimepakwa rangi ya dhahabu, kila kimoja na picha ya uso wake akitabasamu. Gari likienda, Baba alikuwa anazunguka kotekote. Watu walilia kwa furaha, hasa walioguswa bega kwa kirungu.

Alhamisi hiyo ilikuwa Sikukuu ya Ukombozi. Msafara ukafika Mlima Utii na kamera zote, na Baba akatangaza kuwa sheria haina ubaguzi. "Hata gurudumu langu lipigwe!" alisema. Tulipiga makofi. Afande Kitwangio akasogea, jasho linamtoka, akaangalia ule uso wa dhahabu unaomchekea, akafumba macho, akapiga.

Pu.

Uso ukapasuka kuanzia kidevuni hadi kwenye paji.

Nataka ieleweke kwamba Afande alimpenda Baba. Lakini mkono, nimeshasema, haukuwa unamuuliza. Gurudumu halikuitika, mkono ukaenda kwa mwenye gari. Ulimpata Baba sikioni, akiwa bado anatabasamu kwa kamera, ukamwangusha, ukaendelea. Askari wengine, kwa kuona mkuu ameanza, wakajiunga, maana kuchelewa kujiunga nako kuna adhabu. Walinzi wa Baba walisimama tu, kwa sababu kila kitu kilikuwa kinafuata utaratibu.

Nami ningefanya nini? Nikasogea. Nikakohoa. "Mheshimiwa Baba Mlezi, unapigwa kwa sababu gurudumu lako limekataa kuitika..."

"Nini?" alisema Baba, damu puani. "Sijaelewa!"

Haki ya Mungu, roho iliniuma. Sheria ni sheria, nikaanza upya. Mtu yule maisha yake yote hakuwahi kumwambia mtu asante, na sidhani kama alilijua neno. Nilimweleza kwa lugha nyepesi, nikamweleza kwa mifano. Alifariki akiwa hajaelewa.

Hapo ndipo mlinzi mmoja akauliza, "Hivi, huyu si Baba?" Risasi zikaanza. Polisi wakapiga walinzi, walinzi wakapiga polisi, na Waziri wa Upepo akapigwa na pande zote mbili kwa sababu alikuwa katikati anahutubia. Na katikati ya moshi nikaliona gari la rangi ya maziwa yaliyoharibika linakuja, vifuniko vya buluu vinne, Hamduni anazungusha usukani kwa viganja. Mashavu alikuwa kando yake, kichwa kimelalia mlango. Likalipita gari la Baba. Likampita!

Tume ya uchunguzi iliniuliza baadaye kwa nini niliinua kizuizi. Niliwajibu ukweli, kwamba mkono wangu uliinuka kupiga saluti kwa gari linalotangulia, na kamba ya kizuizi ilikuwa mkononi. Walinivunja mbavu kadhaa lakini sikubadili maneno. Gari lilipanda Mlima Utii lote bila kusukumwa, na dada yangu akasafishwa damu.

*

Mnaweza kudhani mambo yalibadilika, na kwa kweli yalibadilika sana. Afande Kitwangio, akiwa ndiye wa mwisho kusimama, akawa Baba Mlezi Mpya. Siku ya kwanza alitangaza kwamba vifuniko vya magurudumu ndivyo alama ya mapinduzi matukufu, na gari lisilo navyo dereva wake apigwe. Siku ya pili alikumbuka meno yake. Akaamuru vifuniko viwe vya chuma, vinene kama kiganja chake, ili viitike.

Vinaitika vizuri, sikatai. Ngaaa! ya sasa inasikika mpaka makaburini. Lakini kwa uzito ule, mgao wa mafuta haufikishi gari hata katikati ya mlima.

Alhamisi iliyofuata lilizimika chini kabisa, hatua chache kupita kizuizi. Mimi sikuwa Mfafanuzi tena. Kazi amepewa bwana aliyekuwa akisoma matangazo ya vifo redioni, ana sauti nzuri, nampa hongera. Nilikuwa nimekaa kando ya barabara na mbavu zangu. Mashavu, aliyekuwa amehamia kwenye usukani, akashusha kioo.

"Kaka, unatazama nini?"

Nilisimama. Ninampenda dada yangu. Sikuwahi kupata nafasi ya kulisema hilo nikiwa kazini. Nikaweka mabega nyuma ya gari kando ya Hamduni, tukasukuma, na papo hapo askari wakatoka mbio na virungu.

Pigo la kwanza lilinipata mgongoni na gari likasogea. "Ndugu raia," Mfafanuzi mpya akaanza, anatembea kando yetu kwa mwendo wa mazishi, "mnapigwa kwa sababu mnasukuma gari kuelekea makao makuu, na asukumaye..." Yalikuwa maneno yangu mwenyewe, neno kwa neno. Niliyaandaa kwa fahari, na sasa nikayasikia kwa mgongo.

"Mmeelewa?" akauliza.

Hamduni alifungua mdomo kusema asante. Alikuwa amechoka, maskini, vidole vyake vilikuwa vinachuruzika damu. Nami nikakumbuka sheria. Hakuna atakayeachiwa, kurudishwa wala kufungwa kabla hajaelewa. Wala hakuna mahali palipoandikwa kwamba anayefafanuliwa asimame.

"Sijaelewa," nikasema.

Wakaanza upya, virungu na maelezo. Tukasukuma. "Sijaelewa," akasema Hamduni alipoona. "Sijaelewa hata kidogo," akasema Mashavu dirishani, mikono kwenye usukani. Ubavu wangu mmoja uliingia ndani nikausikia, na jicho la Hamduni likafumbika moja kwa moja, lakini gari lilikuwa linapanda. Askari wakaanza kuhema. Mfafanuzi sauti ikamkauka, akawa ananong'ona kosa letu huku amejishikiza kwenye gari, naye bila kujua anasukuma.

Kileleni chuma kile kizito kikaonja mteremko, na gari likatutoka mikononi. Likashika kasi, vifuniko vikilia kwa upepo, hospitali ikionekana kule chini. Hakuna kirungu kingeweza kulifikia. Mashavu akatoa kichwa nje, akatuangalia tulivyolala barabarani na askari juu yetu.

"Asante!" alipiga kelele. "Nimeelewa!"

Mfafanuzi akashusha pumzi, akanigeukia mimi. Nilikuwa chini, mdomo umejaa damu, lakini lugha ninaijua.

"Yeye ameelewa," nikamwambia. "Mimi bado. Anza tena tangu mwanzo, bwana, mpaka afike."